Kapteni Alivyotoka Bandani Asubuhi

Iko asubuhi moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo kikombe cha chai hukaa mkononi mpaka kipoe. Ilikuwa baridi ya Julai, ile ya Johannesburg inayoingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimemshika farasi mmoja mzee kwa kamba, namngoja mama mmoja wa Kizungu aseme neno. Hakusema. Aliitazama tu miguu ya yule farasi. Nitakufikisha hapo, usinikimbize. Nyinyi mliokulia hapa mnataka habari ianzie mwisho, kama zile video zenu za kwenye simu.

Najua utanijibu kwa Kiingereza. Jibu tu, sina neno. Ila masikio yaweke kwenye Kiswahili, maana jambo hili sijui kulisema kwa lugha nyingine likatoka vizuri. Jumatatu unaanza kazi kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mama yako ameshakupigia pasi sare, na mimi nimeambiwa nikubariki. Nitakubariki. Lakini kwanza kaa, nikuambie habari ya Kapteni.

Utasema wakati ule baba hakuwa kijana wa kujifunza kazi mpya. Kweli kabisa. Ilikuwa 2016, nywele zimeshaanza kuniaga, na wewe ulikuwa bado unavaa soksi nyeupe za shule. Lakini kwa farasi nilikuwa mtoto mchanga. Kwetu Bukavu sikuwahi kumgusa farasi hata mmoja. Mimi nilikuwa dereva wa lori, Bukavu na Uvira, milima na kona, na nilipofika hapa leseni yangu ikawa karatasi ya kufungia karanga. Nikalinda ghorofa mtaani Hillbrow, nikachoka kutukanwa na walevi, ndipo jamaa mmoja wa kanisani akanipeleka kaskazini mwa jiji, kwenye mashamba ya farasi wa kupanda. Wiki nzima nalala huko kwenye vyumba vya wafanyakazi, Jumapili jioni napanda teksi kurudi Yeoville kwenu. Hayo yote unayajua, ulikuwa unanifungulia mlango.

Sasa, dereva wa lori ana tabia zake. Lori la bosi halimngojei bosi likiwa baridi. Unaamka mapema, unaliwasha, unaliacha lingurume mpaka moshi mweusi uishe, unafuta kioo. Bosi akija anapanda, mnaondoka. Asisikie injini ikikohoa. Akiisikia, wewe si dereva bado, wewe ni utingo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na wakubwa wangu barabarani, kwa makofi wakati mwingine, na tabia hiyo hiyo nikaingia nayo kwa farasi.

Farasi niliopewa walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa Kapteni. Wa rangi ya kahawia, mkubwa, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, mpole mpaka unamwonea huruma. Alikuwa wa mama mmoja mjane ambaye kila mtu pale alimwita Tannie, ndivyo Makaburu wanavyomwita shangazi. Mume wake ndiye aliyemnunulia Kapteni, kisha mume akafa. Watoto wao wawili wako Australia. Sitaki kutia chumvi, mwanangu, lakini yule mama hakuwa na mtu. Alikuwa na Kapteni. Alikuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa mbili asubuhi, karoti mfukoni, na kabla hajanisalimia mimi alikuwa ameshamsalimia farasi. Sikuona vibaya. Nilicheka moyoni.

Msimu wa baridi ulipoanza, niliona kitu. Asubuhi nikifungua mlango wa banda, Kapteni hatoki. Anasimama, anafikiri. Kisha anautoa mguu wa mbele wa kulia bila kuukunja goti, anauburuta kidogo, anaweka kwato chini polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hatua fupi, fupi, kichwa kinapanda kila akiukanyaga ule mguu. Kumgeuza upande wa kulia ndiyo usiseme. Anageuka mzima mzima, kama meza. Nilimhurumia, nikasema, eish, mzee huyu baridi imemkamata.

Nikafanya nini? Nikafanya kazi ya dereva. Nikawa naamka kabla ya wenzangu, namvisha Kapteni blanketi, nampaka dawa ya kuchua kwenye goti, kisha namtembeza. Tunazunguka nyuma ya mabanda, taratibu, mimi na yeye, pumzi zetu zikitoka nyeupe. Mwanzo anachechemea. Baadaye goti linalainika. Baadaye kabisa anaanza kutikisa shingo na kunisukuma begani kwa pua, yuko tayari. Hapo namrudisha bandani, nampiga brashi mpaka ang'ae, namwekea tandiko mgongoni. Saa mbili Tannie anafika, Kapteni anatoka akitembea kama kijana anayekwenda kuposa.

"Mtazame!" Tannie anasema, mbele za watu. "Umri wote huo, na bado anatembea hivi. Ni mkono wako huu, Deo."

We acha! Mimi, mgeni, mtu wa juzi, nasifiwa mbele ya watu waliozaliwa katikati ya farasi. Kichwa kilinivimba. Wiki hiyo nilimtembeza zaidi.

Jumapili moja nikarudi nyumbani najigamba. Mama yako alikuwa amechoka, ametoka kusuka vichwa tangu alfajiri, vidole vimemvimba, lakini alinisikiliza. Nikamweleza yote, jinsi Kapteni anavyoamka mgonjwa na jinsi ninavyomkabidhi mzima. Nilifikiri atanipigia makofi. Akaniuliza swali moja tu.

"Na huyo Tannie anajua farasi wake anaamka hivyo?"

"Ajue ili iweje?" nikamwambia. "Tangu lini abiria akafunuliwa injini?"

"Haya, dereva," akasema mama yako, akaendelea kula.

Ile "haya dereva" ilikuwa karipio zima, nami nikaichukua kama utani. Mwanangu, mama yako akikujibu kwa maneno mawili, usiende kulala. Mrudie umuulize anamaanisha nini. Mimi nilikwenda kulala.

Ulikuwa ule mwaka wa ukame, utakumbuka, tulipokatazwa kumwagilia hata maua. Viwanja vya farasi vilikauka vikawa vigumu kama sakafu ya kanisa letu. Kila kwato ikigonga chini unaisikia. Farasi mzima anavumilia, lakini goti bovu linapokea kila pigo. Nikaanza kuona goti la Kapteni limejaa upande wa mbele, na ukiliwekea kiganja lina joto kuliko lile jingine. Siku ya kubadilishiwa viatu vya chuma, fundi wa kwato akiushika mguu ule na kuukunja, Kapteni anaunyang'anya. Fundi akadhani ni utundu, akamkemea. Nami nikasema, "Pole, pole mzee," nikamshika kichwa, nikamsaidia fundi amalize. Nilikuwa naona kila kitu. Sikuona kwamba yupo mtu anayepaswa kuambiwa.

Kisha akaja daktari wa wanyama, kwa ajili ya sindano za kawaida. Hapa ndipo moyo unaponiuma, mwanangu, kuliko pengine pote. Nilipata habari mapema kwamba daktari anakuja. Unajua kwetu tunavyofanya: mtoto akipelekwa hospitali, kwanza anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa nguo ya Jumapili. Homa imemtesa siku zote, lakini mbele ya daktari anakaa kama bwana harusi. Ni heshima. Hatumpelekei mtu mkubwa uchafu wetu. Basi na mimi siku ile nikaamka mapema kuliko siku zote, nikamchua Kapteni, nikamtembeza muda mrefu, nikamfikisha kwa daktari amelainika kabisa. Daktari, kijana mmoja mtulivu, akamwangalia akienda matiti, ile mbio ndogo ya farasi, mbele na nyuma, mara moja tu. Akapapasa miguu kwa haraka, farasi wengine wanamngoja.

"Kila kitu sawa hapa?" akaniuliza. Mimi, si mwingine.

"Sharp, daktari," nikasema, kama vijana wa hapa wanavyosema sawa.

Nililijibu lile swali kama tunavyojibu simu kutoka nyumbani. Dada yangu akipiga kutoka Bukavu, "Mko namna gani?" Tuko salama. Kodi hatujalipa, mama yako anaumwa, lakini tuko salama, Mungu anasaidia. Neno hutoka lenyewe kabla hujafikiri. Sikumdanganya daktari kwa ubaya, mwanangu. Nilikuwa na adabu, basi. Na Kapteni akalipia adabu yangu.

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa baridi. Tannie alikuwa na mchezo wake mdogo: gogo moja limelazwa chini, hata wewe unalivuka kwa mguu, na kila akimaliza kuzunguka anamrusha Kapteni juu yake, mara moja, wanafurahi, wanarudi. Mimi niko kwenye uzio nimeshika blanketi. Niliwaona wakija, niliona Kapteni akinyanyuka vizuri. Aliposhuka, ule mguu wa kulia haukumpokea. Goti lilikunjika mbele, akaanguka kwa uso, na Tannie akarushwa juu ya shingo yake akapiga chini kwa bega. Niliisikia ardhi. Niliruka uzio sijui namna gani, na mimi si mtu wa kuruka.

Tannie alikuwa hai, anapumua kwa shida, mfupa wa bega umevunjika. Unajua alikuwa anasema nini? Hakulilia bega. "Kapteni. Nitazamie Kapteni." Kapteni alikuwa amesimama, mguu wa mbele ameuning'iniza, jasho linamtiririka kwenye baridi, ananitazama mimi. Wanyama hawajui kulaumu, najua, lakini siku ile sikuweza kumtazama machoni.

Daktari akaja na mashine yake ya kupiga picha za mifupa. Wakati tunangoja, Tannie hajakubali kupelekwa hospitali bado, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa kwa skafu. Daktari akaangalia picha, akakunja uso. Kisha akauliza, "Asubuhi anatokaje bandani?"

"Vizuri sana," Tannie akajibu. "Siku zote. Deo anamtoa, anatembea kama kijana."

Daktari hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akarudia: "Anatokaje, hatua za kwanza kabisa?"

Nikawaambia. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza niliwaambia yote, kuburuta mguu, kugeuka mzima mzima, uvimbe, joto, dawa ya kuchua, kumtembeza. Niliposema nilimtembeza hata siku ile ya sindano, daktari alivua kofia akajikuna kichwa. Hakunifokea. Alieleza tu, taratibu, kama mwalimu. Kwenye kiungo cha goti kuna kitu laini kinachozuia mfupa usisage mfupa, na cha Kapteni kimelika siku nyingi, sasa hata kingo za mfupa zimemeguka. Mnyama wa namna hiyo hukakamaa akilala, akitembea analainika, na maumivu hayajaondoka, yamejificha. Zile hatua za kwanza za asubuhi ndizo zingesema. Angeambiwa mapema, angempumzisha, angemdunga dawa kwenye kiungo, angekataza ardhi ngumu na kuruka. "Angekubeba miaka mingine mingi," akamwambia Tannie, "polepole, lakini angekubeba. Sasa hatapandwa tena."

Tannie alinigeukia. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Deo, kila siku uliniletea farasi mzima. Nami nikapanda mgonjwa. Wewe ndiye uliyekuwa unamwona. Kwa nini ulimwona peke yako?"

Nilitaka kumweleza habari ya lori, ya bosi na injini, nikaona aibu. Nilisema tu, "Samahani, Tannie," na "samahani" pale ilikuwa ndogo mno. Jioni nilikaa kwenye chumba changu nikalia, mimi mtu mzima, mwenzangu wa chumba akatoka nje kwa heshima.

Hakunifukuza. Nadhani ingekuwa afadhali angenifukuza. Kapteni akapewa kijiwanja chake chenye majani, asipandwe na mtu, na Tannie akaendelea kuja siku zake zile zile, karoti mfukoni, wanasimama tu pamoja. Kiangazi kilimpa nafuu. Lakini baridi ya mwaka uliofuata ilipoingia, goti likakataa kabisa. Akawa analala, kuinuka ni vita. Dawa zikafika mahali zikawa kama maji. Daktari akasema sasa si kutunza tena, ni kumtesa, na Tannie akakubali. Wakapanga asubuhi ya kumlaza kwa sindano, asiinuke tena.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshaandaa blanketi na ile dawa ya kuchua, nikisema angalau siku yake ya mwisho nimlainishe, atembee bila aibu. Tannie akaja kabla jua halijatoka. Akaniona na chupa mkononi.

"Hapana, Deo," akasema. "Usimchue. Usimtembeze. Mtoe hivyo hivyo. Nataka kumwona."

Ndiyo asubuhi ile niliyokuambia. Nikafungua mlango. Kapteni akasimama, akafikiri, akautoa ule mguu. Majani nje yalikuwa meupe kwa baridi. Akaburuta, akaweka, kichwa kikapanda. Tena. Kutoka bandani mpaka pale kwenye nyasi daktari anapongojea si mbali, wewe ungekwenda ukarudi hujamaliza kutafuna pipi. Sisi tulikwenda, tukasimama, tukaenda. Tannie alitembea ubavuni kwake, mkono shingoni mwake, hatua yake ameifupisha ilingane na ya farasi, na macho hayakuondoka kwenye lile goti.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anatoka?" akaniuliza. "Kila siku ya baridi?"

"Ndiyo, Tannie."

"Na baada ya hapo ananibeba."

"Ndiyo."

Akasimama. Ndipo nilipongoja lile neno, nami nililihitaji hata kama lingekuwa tusi. Aliinama, yeye mwenyewe bega lake halijarudi sawasawa, akaliweka lile goti kwenye viganja vyake viwili, akalishika. Kwa mara ya kwanza. Farasi aliyempenda miaka yote ile, na alipokuwa akimpanda hakuwahi kuambiwa pale ndipo panapomuuma. Kisha tukaendelea mpaka kwenye nyasi, na daktari akafanya kazi yake, na Kapteni akalala.

Mwanangu, sikukuambia haya ili uwaonee huruma farasi, ingawa waonee. Jumatatu utakabidhiwa mabibi na mababu wa watu. Utawakuta asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Wewe ndiye utakayeona nani ameshindwa kushusha miguu kitandani, nani mkono wake umekataa kushika kijiko. Utawaogesha, utawachua, utawachana nywele, utawakalisha dirishani kwenye jua, kwa sababu nimekulea vizuri na una mkono mzuri. Jumapili watoto wao watakuja na maua, watasema, "Mama anapendeza leo!" Watakusifu. Nawe utafurahi, kama mimi. Ndipo umkumbuke Kapteni. Wavute pembeni uwaambie: leo ameamka hivi, na hivi, na hapa panamuuma. Na daktari akipita akauliza kama mambo ni sawa, hilo neno lenu la "sharp" limeze. Mwite aje alfajiri. Watasema unasumbua, msichana mdogo, mgeni, anajifanya anajua. Sumbua. Kumpendezesha mgonjwa ni kazi nzuri, lakini ukimpendezesha ukanyamaza, umemwacha peke yake na maumivu yake.

Na kwa kuwa nakufundisha kusema, na mimi niseme, maana nisiposema nitakuwa sijajifunza chochote. Umewahi kujiuliza kwa nini baba yako siku zote anaamka kabla yenu? Unafikiri nasali. Nasali, ndiyo. Lakini zaidi natembea. Kwenye korido ya ghorofa hii, kutoka mlango wetu mpaka kwenye ngazi, nimeshika ukuta, mpaka magoti yakubali. Mkiamka mnanikuta nimekaa, nimenyooka, chai mbele yangu, "Baba, umeamkaje?" Salama. Miaka miwili sasa. Mama yako anajua nusu. Kesho, mwanangu, usiningoje mezani. Amka mapema, njoo chumbani, umwone baba yako anavyotoka kitandani.

Njoo karibu sasa, inamisha kichwa. Mungu wa baba zangu aliyetuvusha mpaka hapa akutangulie kwenye kazi yako. Akupe macho ya kuona kinachofichwa na ulimi usioogopa kukisema. Wazee utakaowashika wapate nafuu kwa mikono yako, na siku yako ya kuzeeka ikifika, upate mtu wa kukutazama asubuhi. Amina. Nenda ukalale, mwanangu, na uiweke hiyo simu yako ikuamshe mapema.